Mashine Mpya Hufundishwaje Lugha?

Mtu aingiapo katika kiwanda cha mhunzi hukuta nyundo, koleo, fuawe na mivukuto. Akiuliza nyundo ile ilifuliwa kwa kitu gani, ataambiwa kuwa ilifuliwa kwa nyundo nyingine. Na hiyo nyingine je? Kwa nyundo iliyoitangulia. Swali hili likiendelezwa nyuma, hatua kwa hatua, mwishowe litafika kwenye jiwe lililookotwa mtoni, ambalo halikufuliwa na mtu.

Katika taaluma ya kompyuta limo swali la namna hiyo hiyo. Programu nyingi tunazozitumia leo, tangu zile za benki hadi zile za simu za mkononi, zimepata umbo lake kwa kupitia programu nyingine iitwayo kompaila. Kompaila nayo ni programu. Basi nayo ilipata umbo lake kwa kupitia kompaila. Ikiwa ndivyo, mashine mpya inapotoka kiwandani, ikiwa haijui lugha yoyote isipokuwa tarakimu zake yenyewe, kompaila yake ya kwanza hutoka wapi? Makala haya yatajaribu kulijibu swali hilo, kisha yataonyesha kwa nini jibu lake si la wataalamu peke yao.

Kompaila ni nini?

Moyo wa kompyuta ni prosesa, na prosesa haielewi maneno. Inaelewa mifuatano ya tarakimu sifuri na moja tu, ambayo huitwa lugha ya mashine. Isitoshe, lugha hiyo si moja duniani. Amri ya kujumlisha namba mbili katika prosesa ya aina moja yaweza kuwa mfuatano tofauti kabisa na ule wa prosesa ya aina nyingine, kama vile neno "maji" lisivyomaanisha kitu kwa mtu asiyejua Kiswahili.

Hapo zamani waandishi wa programu walilazimika kuandika lugha hiyo ya mashine wenyewe, au kutumia vifupisho vilivyoifuata amri kwa amri. Kazi ilikuwa ngumu na makosa yalikuwa mengi. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na John Backus, ambayo ilimwezesha mwanasayansi kuandika mahesabu yake kwa namna inayokaribia maandishi ya kawaida ya hisabati. Programu iliyoyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine ndiyo kompaila.

Wasomaji wanajua tofauti baina ya mkalimani na mfasiri. Mkalimani husimama kati ya watu wawili na kugeuza maneno papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Akiondoka, mazungumzo hukatika. Mfasiri huchukua kitabu kizima, hukaa nacho chumbani, kisha hutoka na kitabu kingine ambacho chaweza kusomwa hata yeye akiwa hayupo. Katika kompyuta wako wote wawili. Kompaila ni mfasiri wa vitabu: hupokea matini asilia iliyoandikwa na mtu na kutoa programu kamili iliyo tayari kwa prosesa.

Mambo matatu ya kuuliza

Ili kuielewa kompaila yoyote, yafaa tuulize mambo matatu. La kwanza, inasoma lugha gani? La pili, inatoa lugha ya mashine gani? La tatu, yenyewe imeandikwa kwa lugha gani, yaani inaweza kufanya kazi katika mashine ipi? Watu wengi hukumbuka mawili ya kwanza na kulisahau la tatu.

Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyeandika programu nzuri katika kompyuta yake ya mezani, akainakili kwenye kibao kidogo cha elektroniki kilichokuwa na prosesa ya aina nyingine, akashangaa kuona kibao kikiikataa. Aliikagua programu yake mstari kwa mstari mchana kutwa akitafuta kosa. Kosa halikuwamo katika programu. Kompaila yake ilikuwa imetoa lugha ya mashine ya mezani, naye alikuwa amempa Mreno barua iliyoandikwa kwa Kichina. Siku hiyo alihitaji kompaila inayoishi katika mashine moja huku ikitoa lugha ya mashine nyingine. Kompaila ya namna hiyo tutaiita kompaila mtambuka.

Safari ya hatua nne

Sasa tuchukue mfano. Tuna mashine ya zamani, tuiite Z, ambayo tayari ina kompaila ya lugha ya C. Tumepata mashine mpya, tuiite M, ambayo haina kitu. Tunataka M iwe na kompaila yake yenyewe ya C, isiyoitegemea Z.

Hatua ya kwanza, mtaalamu huketi mbele ya Z na kuandika, kwa lugha ya C, matini asilia ya kompaila inayosoma C na kutoa lugha ya M. Hana haja ya kuanza tangu mwanzo. Kompaila iliyojengwa vizuri huwa na sehemu mbili: ya mbele, ambayo husoma matini, kukagua sarufi na kutambua maana, na ya nyuma, ambayo huteua amri za prosesa. Sehemu ya mbele haijali mashine, hivyo huachwa kama ilivyo. Ile ya nyuma ndiyo huandikwa upya.

Hatua ya pili, matini hiyo hupewa kompaila ya zamani iliyomo katika Z. Kinachotoka ni programu inayofanya kazi katika Z lakini inayotoa lugha ya M. Hiyo ndiyo kompaila mtambuka.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashangaza wengi. Matini ile ile, pasipo kubadilishwa hata nukta, hupewa kompaila mtambuka iliyotokana nayo. Kinachotoka sasa ni kompaila inayosoma C, inayotoa lugha ya M, na ambayo yenyewe imo katika lugha ya M. Z haiwezi kuiendesha. Huchukuliwa na kupelekwa M, zamani kwa utepe wa karatasi wenye matundu, leo kwa waya au kadi ya kumbukumbu.

Hatua ya nne ni ya uthibitisho. Katika M, kompaila hiyo mpya hupewa matini yake yenyewe iifasiri. Itatoa kompaila nyingine, ambayo yapasa ilingane na ile iliyosafirishwa, baiti kwa baiti. Sababu yake ni hii: kompaila mtambuka na kompaila iliyosafirishwa zote mbili ni tafsiri za matini moja, basi zikipewa kazi moja, hazina budi kutoa jibu moja. Zisipolingana, kuna kosa mahali. Mradi wa kompaila maarufu ya GCC hutumia kipimo cha namna hii hata katika mashine moja: kompaila hujengwa mara tatu mfululizo, kila moja ikiijenga inayofuata, kisha zao la mara ya pili hulinganishwa na la mara ya tatu.

Kipimo kikifaulu, M imeachishwa ziwa. Z yaweza kuzimwa.

Mfano wa Bell Laboratories

Historia inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 1969, huko Marekani, Ken Thompson wa Bell Laboratories alianza kuandika mfumo endeshi ambao baadaye uliitwa Unix. Mashine aliyoipata ilikuwa PDP-7, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa na maneno 8,192 tu, kila neno likiwa na biti 18. Haikuwa na zana alizozihitaji. Kwa hiyo programu zake za kwanza alizitayarisha katika mashine kubwa zaidi, GE-635, ambayo ilitoa utepe wa matundu wenye lugha ya PDP-7, nao utepe ukabebwa kwa mkono kutoka mashine moja hadi nyingine. Aliendelea hivyo mpaka PDP-7 ilipopata programu yake ya kuhariri maandishi na asembla yake, yaani programu ya kugeuza vifupisho kuwa amri za mashine. Hapo kitovu kikakatwa.

Kisha Thompson alibuni lugha ndogo aliyoiita B. Kompaila yake ya kwanza aliiandika kwa zana iitwayo TMG. Ilipofanya kazi, aliiandika upya kwa lugha ya B yenyewe. Mwenzake Dennis Ritchie ameeleza jinsi kumbukumbu ndogo ilivyomtaabisha. Kila alipoongeza jambo jipya katika lugha, kompaila ilivimba hata ikakaribia kutoenea. Lakini alipoiandika upya kwa kulitumia jambo hilo jipya, ilipungua tena. Lugha ilikuwa ikijipanda kama mtu apandaye mnazi aliouchonga vipandio: akanyagapo kipandio kimoja ndipo aweza kuchonga kingine juu yake.

Mwaka 1970 ilifika mashine mpya ya PDP-11, ambayo maneno yake yalikuwa ya biti 16. Diski yake ilichelewa kwa miezi 3. Hata hivyo Unix ya awali, inayokaa katika kumbukumbu peke yake, iliandikwa kwa ajili yake kwa kutumia asembla mtambuka iliyokuwa katika PDP-7. Wakati wa kuisubiri diski, mashine hiyo mpya iliachwa kwenye kona ikihesabu njia zote za farasi wa sataranji kukizunguka kibao cha miraba 6 kwa 8 na kurudi alipoanzia.

Katika mashine hiyo Ritchie aliikuza B ikawa C, na mwaka 1973 kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa C. Faida yake ilidhihirika mwaka 1977, Steve Johnson na Ritchie walipoihamishia Unix kwenye mashine ya Interdata 8/32, ambayo haikufanana na PDP-11. Johnson alikuwa ameandika kompaila ya C iliyokusudiwa kuhamishwa: sehemu zinazotegemea mashine zilitengwa, zikawa chache. Tangu hapo mfumo endeshi haukuwa tena mali ya aina moja ya mashine.

Mfano wa Zurich

Msomaji atauliza: na ikiwa haipo mashine ya zamani yenye kompaila? Jibu liko Zurich, Uswisi, ambako Niklaus Wirth aliibuni lugha ya Pascal. Jaribio la kwanza la kuandika kompaila yake kwa lugha ya FORTRAN lilishindikana, kwa kuwa FORTRAN haikufaa kueleza miundo ya data iliyohitajika. Katika jaribio la pili kompaila iliandikwa kwa Pascal yenyewe, wakati ambapo duniani hapakuwa na mashine hata moja iliyojua Pascal. Programu nzima ilikamilika ikiwa kwenye karatasi, bila kujaribiwa. Ndipo mmoja wa wasaidizi wake, Rudolf Schild, alipojifungia nyumbani kwake kwa wiki 2, akaifasiri yote kwa mkono katika lugha ya chini iliyokuwamo katika kompyuta yao ya CDC. Kompaila ya kwanza ya Pascal, basi, ilikuwa mtu. Mwaka 1970 mashine iliweza kuichukua kazi hiyo.

Baadaye kundi hilo hilo lilitoa njia iliyorahisisha uhamisho. Walitengeneza kompaila iliyotoa lugha ya mashine ya kufikirika, isiyokuwapo popote. Aliyetaka Pascal katika kompyuta yake alitakiwa kuandika mkalimani mdogo tu wa mashine hiyo ya kufikirika, na mara moja kompaila nzima ikafanya kazi, ingawa polepole. Kwa njia hiyo Pascal ilienea hata katika kompyuta ndogo za miaka ya 1970. Lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1995, imesimama juu ya wazo hilo hilo.

Mitego ya njiani

Isidhaniwe kuwa kazi hii ni nyepesi kama ilivyosimuliwa. Mtego wa kwanza ni mpangilio wa baiti. Namba 1,000 huhifadhiwa kwa baiti mbili, 3 na 232, kwa kuwa 3 mara 256 jumlisha 232 ni 1,000. Baadhi ya mashine hutanguliza 3, nyingine hutanguliza 232. Programu ikisahau tofauti hiyo, 1,000 itasomwa kuwa 59,395. Wataalamu wana utani wao juu ya jambo hili: katika mashine iliyogeuziwa baiti, neno UNIX huandikwa NUXI.

Mtego wa pili ni mahesabu. Kompaila aghalabu hukokotoa mapema namba zisizobadilika zilizomo katika matini. Kompaila mtambuka haina budi kuzikokotoa kama M ambavyo ingezikokotoa, wala si kama Z, la sivyo programu itabeba majibu ya mashine nyingine. Mtego wa tatu ni zana za njiani: programu kubwa mara nyingi hujenga programu ndogo ili zisaidie kazi ya ujenzi wenyewe. Hizo ndogo lazima zifasiriwe kwa lugha ya Z, ilhali zao la mwisho ni la lugha ya M. Anayezichanganya huikuta kazi imekwama katikati.

Urithi usioonekana

Hadi hapa tumeliangalia jambo hili kama ufundi. Lina upande mwingine, mzito zaidi.

Katika lugha ya C, mwandishi anayetaka kuhamia mstari mpya huandika alama mbili: mkwaju wa kinyumenyume na herufi n. Katika mfumo wa ASCII alama hiyo ni namba 10. Lakini ukifungua matini asilia ya kompaila iliyoandikwa kwa C, waweza usiione namba 10 hata kidogo. Utakuta imeandikwa tu kwamba ukikutana na alama hizo mbili, toa mstari mpya. Na "mstari mpya" huo umeandikwa kwa alama zile zile mbili. Namba 10 i wapi? Imo katika kompaila iliyoifasiri kompaila hii, ambayo nayo iliirithi kwa mama yake. Zamani mtu mmoja aliiandika mara moja, kisha akaifuta. Maarifa yamepita toka kizazi hata kizazi bila kuandikwa.

Ikiwa jema laweza kurithiwa hivyo, ovu nalo laweza. Thompson alilieleza hilo katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, uliochapishwa mwaka 1984. Alionyesha kuwa mtu aweza kuitia kompaila hila mbili. Kwa hila ya kwanza, kompaila ikifasiri programu inayokagua nywila za watumiaji, huipachika mlango wa siri. Kwa hila ya pili, kompaila ikijifasiri yenyewe, hupachika upya hila zote mbili. Baada ya hapo mwovu huzifuta hila hizo katika matini asilia. Matini ni safi; mkaguzi akiisoma herufi kwa herufi hataona kitu; na bado kila kompaila itakayozaliwa itakuwa na hila ndani yake. Kompaila mtambuka hazina kinga: hila yaweza kuvuka pamoja na utepe na kuingia katika mashine mpya tangu siku ya kwanza.

Kurudi kwenye mbegu

Dawa zimetafutwa. Mmarekani David A. Wheeler alieleza moja mwaka 2005, akaikamilisha katika tasnifu yake ya mwaka 2009. Chukua matini asilia ya kompaila unayoishuku, uifasiri kwa kompaila nyingine isiyo ya ukoo wake. Kisha zao hilo lipewe matini ile ile liifasiri. Likitoa programu iliyo sawa baiti kwa baiti na ile inayoshukiwa, mshukiwa analingana na matini yake. Ni kama mahakama inavyotafuta shahidi wa pili asiye na undugu na wa kwanza.

Dawa nyingine ni kuanza upya tangu kwenye jiwe la mtoni. Mwaka 2023 watunzaji wa mfumo uitwao Guix walitangaza kuwa wamefaulu kuzijenga programu zao kutoka mbegu ya baiti 357. Mbegu hiyo haifanyi makubwa: husoma jozi za tarakimu zilizoandikwa na mtu na kuzigeuza kuwa baiti. Mtu mwenye subira aweza kuikagua yote kwa jicho. Kutokana nayo hujengwa zana iliyo kubwa kidogo, na kutokana na hiyo nyingine, ngazi baada ya ngazi, hadi GCC yenyewe. Kweli, bado prosesa na kiini cha mfumo endeshi kinachoiendesha kazi hiyo huhitaji kuaminiwa. Lakini sehemu ya kuaminiwa gizani imepungua sana.

Linatuhusu nini?

Mkulima anajua tofauti kati ya mbegu aliyoiweka darini mwaka jana na mbegu ya dukani ambayo zao lake halioti vema tena. Ya pili yaweza kuwa na mavuno mengi. Lakini duka likifungwa, shamba hulala. Kompaila ndiyo mbegu ya programu. Simu tulizonazo mifukoni hutumia kwa wingi prosesa za aina ya ARM, na mifumo endeshi yake aghalabu hujengwa kwa kompaila mtambuka katika kompyuta kubwa zenye prosesa za aina nyingine, mbali na hapa. Prosesa za RISC-V, ambazo lugha yake ya mashine iko wazi kwa yeyote na ilianza kubuniwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zimepata kompaila zake kwa njia hii hii.

Sisemi kwamba kila nchi ijitengenezee kompaila yake tangu mwanzo. Nasema kwamba nchi inayoweka hesabu za hazina yake, daftari la wapiga kura wake na kumbukumbu za wagonjwa wake katika kompyuta, haina budi kuwa na watu wachache walioipita njia hii kwa miguu yao wenyewe, ili siku ya mashaka waweze kuuliza maswali yanayofaa na kuyapima majibu.

Elimu hiyo haihitaji mtambo wa gharama kubwa. Kompyuta moja ya mezani, kibao kimoja kidogo chenye prosesa ya aina nyingine, na lugha ndogo yenye amri zisizozidi 20 zatosha. Mwanafunzi aandike kompaila ya lugha hiyo, aivushe, kisha aifanye ijifasiri yenyewe kule ng'ambo. Ataona baiti zikilingana, au zisilingane. Na zisipolingana ndipo atakapojifunza zaidi.